Anasa Ndogo za Nyumbani katika Historia ya Pwani

Historia ya pwani yetu, kama ilivyoandikwa hata sasa, ni historia ya bandari na majahazi, ya masultani na maliwali, ya pembe za ndovu na karafuu, ya vita na mapatano. Haya yote yastahili kuandikwa. Lakini hakuna mtu aliyekaa bandarini au mbele ya mfalme maisha yake yote. Jioni nahodha na mchukuzi, liwali na mvuvi, kila mmoja alirejea nyumbani kwake, akanawa miguu, akaketi juu ya mkeka. Na huko nyumbani alikuta mambo madogo yaliyompa moyo wa kuikabili kesho: tambuu iliyokunjwa kwa mkono wa mtu amjuaye, nguo iliyofukizwa udi, chano cha wali wa nazi, hadithi ya bibi kizee, maua ya asumini yaliyotawanywa kitandani. Waandishi wa tarikh waliyataja mambo haya kwa kupitia tu, kwa kuwa waliyaona hayana uzito.

Nia ya makala haya ni kuupima uzito huo. Nitajaribu kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba anasa hizi ndogo zina historia yake, yenye miaka na mashahidi, nayo ni ya kale kuliko dola nyingi tulizofundishwa kuzihesabu. La pili ni kwamba utamu wake haukuwa katika kitu chenyewe tu, bali katika kupeana. Na kwa kuwa ulikuwa katika kupeana, hatuwezi kuisimulia historia yake pasipo kuuliza ni nani aliyepewa, na ni nani aliyechukua sinia akasimama.

Yafaa tuanze na neno. Siku hizi anasa hutajwa pamoja na majumba ya fahari, magari na safari za mbali, na mtu wa anasa hudhaniwa kuwa tajiri mbadhirifu. Maana hiyo imelifunika neno, lakini siyo iliyolizaa. Mzizi wake ni wa Kiarabu, herufi tatu za alifu, nuni na sini, na maana yake ya asili ni kuzoeana, kuondoleana upweke, kukaa na mtu kwa ukunjufu pasipo hofu. Kutoka mzizi huo Waarabu wana neno uns, yaani ule uchangamfu wa watu waliozoeana. Na wako wanazuoni wao waliosema kwamba hata neno insani limetoka humo, ingawa wengine wamelikanusha jambo hilo. Raha na starehe nazo ni ndugu wa mzizi mmoja, wenye maana ya kupumzika. Upande wa Kibantu tunalo tendo la kunukia, lililotupa manukato. Katika maneno haya hamna hata moja lililotokana na fedha au thamani. Lugha yetu ilipotaka kuitaja raha ya nyumbani ilitaja kukaa pamoja, kupumzika na kunukia. Tuone sasa kama mashahidi wa historia wanakubaliana na ushahidi huu wa lugha.

Shahidi wa kwanza ni Ibn Battuta wa Tangier, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Katika mji wa Mogadishu alipokelewa kama mtu wa elimu, akapelekwa na kadhi mpaka nyumbani kwa mtawala. Kabla ya neno lo lote la mambo ya dola, alitoka mtumishi mwenye sahani ya majani ya tambuu na popoo. Mgeni alipewa majani kumi na popoo chache. Kadhi akapewa vivyo hivyo. Yaliyobaki wakagawiwa wanafunzi na wenzao. Kisha yakaletwa marashi ya Dameski, wakamiminiwa mgeni na kadhi. Baadaye kikaja chakula, na msafiri huyu, aliyekuwa amekula katika miji mingi ya dunia, aliona yafaa kukieleza chombo kwa chombo: wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga juu yake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, malimau ya kutiwa chumvi, tangawizi mbichi na embe. Alipofika Mombasa hakusahau kulitaja tunda aliloliita jamuni, lenye umbo la zeituni na kokwa kama yake, ila tamu sana. Msomaji wa pwani hatakosa kulitambua: ni zambarau.

Tuyatazame maneno yake kwa makini. Idadi ya majani ilihesabiwa. Aliyeanza kupewa na aliyefuatia walijulikana. Na hata wanafunzi hawakuachwa mikono mitupu. Kwa hiyo katika karne ya 14 tambuu ilikuwa na adabu zake zilizokwisha komaa, na jambo lililokomaa halikuanza jana. Jani lenyewe na jina lake vyatoka mashariki ya bahari yetu, kwa kuwa neno tambuu lina asili ya Bara Hindi, na Waarabu walilichukua kabla yetu. Mmea huo ulivuka bahari, ukapandwa katika bustani za pwani, ukawa wa nyumbani.

Shahidi wa pili hakupokelewa kama mgeni. Mwezi wa Julai mwaka 1505 manowari za Wareno chini ya Francisco d'Almeida ziliiteka Kilwa na kuipora, na mwezi wa Agosti zikaiteka Mombasa na kuitia moto. Katika maelezo ya safari hiyo, baina ya habari za mateka na mizinga, mwandishi alisita kidogo ili aueleze mtambuu wa Kilwa: jinsi unavyopanda juu ya miti iliyosimikwa shinani, jinsi jani linavyotafunwa pamoja na chokaa laini mfano wa marhamu, jinsi kinywa na meno vinavyogeuka vyekundu, na jinsi watu wanavyosema kwamba huburudisha sana. Ni jambo la kutafakari kwamba habari hii tumeipata kwa mtu aliyefika pamoja na waporaji. Mji uliporwa, lakini kilichomshangaza mwandishi kiasi cha kukipamba kwa maneno hakikuwa dhahabu tu. Kilikuwa jani la bustanini, ambalo halina bei ya kutajwa katika hesabu ya mateka.

Kijaluba kimoja cha tambuu, kama tungekifungua na kuvipanga vilivyomo, kingetufundisha mpangilio wa karne. Jani, popoo na chokaa ni vya kale, navyo vyatajwa na mashahidi hawa. Tumbaku, ambayo baadaye wengi waliipenda kuitia, haikuweza kuwamo katika sahani ya mwaka 1331, kwa sababu mmea huo ni wa bara la Amerika na haukuvuka bahari kabla ya mwaka 1492. Hali kadhalika Ibn Battuta hakukaribishwa kahawa, kinywaji ambacho leo hudhaniwa kuwa ndiyo adabu ya kwanza ya kumpokea mgeni. Unywaji wa kahawa ulienea kutoka Yemen katika karne ya 15. Kwa hiyo wageni wa barazani wa leo, wakipewa finjani na kipande cha halua, wanafuata desturi kongwe ya kupokea kwa kitu kidogo, lakini kitu chenyewe kimebadilika. Vitu vyabadilika, desturi ya kupeana yabaki.

Ushahidi wa tatu ni wa ardhini. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Mji huo ulistawi hasa katika karne ya 15 na ukahamwa katika karne ya 17. Majina ya wenye nyumba yalikuwa yamepotea. Ilipobidi kuzipa nyumba majina ili zitofautishwe, zilipewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Kasha la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Makauri ya Pwani. Bila shaka mchimbaji alitaka wepesi wa kazi tu. Hata hivyo matokeo yake ni somo. Ukoo, cheo na mali za mwenyeji zimesahauliwa, na kilichobaki kulitambulisha boma lake ni mkasi alioukatia nguo au taa aliyoiwasha magharibi. Kasha la pembe halikuwa la kuwekea mali kubwa; halikuwa na nafasi. Lilikuwa la kuwekea kitu kidogo kipendwacho.

Katika nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, jambo hili laonekana wazi zaidi. Mtu aliyepita njiani aliona kuta tupu zisizo na pambo ila mlango. Nyumba iliweka uzuri wake kwa ndani. Mgeni wa kiume aliishia dakani au barazani, na wenyeji waliingia msana wa kwanza na wa pili mpaka chumba kiitwacho ndani, na ndiko kulikokuwa na zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa nyeupe vilivyonakshiwa, vyenye bakuli na sahani za China na vitabu. Wako wataalamu walioeleza kwamba zidaka na vyombo vyake viliwekwa kuwa kinga, kwa kuwa chumba hicho ndicho walimozaliwa watoto na walimooshwa maiti. Sioni kwamba maelezo hayo yanapingana na haya yetu. Mahali penye furaha kubwa na huzuni kubwa ndipo mtu apendapo kupapamba, na sahani iliyotoka China kwa miezi ya safari haikuwekwa pale ili ionwe na wapita njia, bali na macho machache yaliyoizoea.

Tena zidaka hizo zimepata mahali katika ushairi wetu kwa njia isiyotazamiwa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, utungo wa mwanzo wa karne ya 19, aliutazama mji wa Pate ulioanguka akausia moyo wake usidanganywe na dunia. Ili aionyeshe dunia inavyodanganya, hakutosheka kuwataja wakuu waliokufa. Aliingia nyumbani mwao, akataja taa zilizowaka, vyombo vilivyopambwa, vitanda na mito, na zidaka zilizogeuka kuwa malazi ya ndege. Mwonyaji aliyetaka tuzisahau anasa ndiye aliyezihifadhi. Na hili si la kushangaza: mtu halilii jambo ambalo halikuwa na utamu. Kama anasa za Pate zingekuwa upuuzi mtupu, kuondoka kwake kusingefaa kuwa hoja ya mauti.

Miaka kama 40 baadaye, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham aliusia kwa utendi binti yake Mwana Hashima. Utendi huo husomwa zaidi kama sheria ya utii wa mke, na wasomaji wa zama zetu wamejadiliana sana juu ya utii huo. Lakini ukisomwa kwa jicho la historia ya nyumba, ni daftari la mambo madogo: kumpepea mtu alalapo asiamshwe, kumnyoa vizuri, kumtia manukato, kuiweka nyumba katika usafi na harufu njema. Mama huyu alikuwa mgonjwa, naye hakuishi muda mrefu baadaye. Katika saa chache alizobakiwa nazo aliona yafaa kumwachia mwanawe maarifa haya, sambamba na dini na adabu mbele ya watu. Hakuyaona kuwa madogo.

Katika mambo yote hayo, harufu ndiyo iliyo ngumu kuandikiwa historia, kwa kuwa haibaki ardhini. Hata hivyo imebaki katika msamiati. Tunao udi na ubani wa kufukiza, chetezo cha kufukizia, marashi ya kunyunyiza na mrashi wa kunyunyizia, rehani, mkadi, kilua na asumini, liwa na dalia za kujipaka, na vikuba, yaani vifurushi vidogo vya maua na majani yanukiayo ambavyo wanawake hubandika kifuani. Mengi katika majina haya ni ya Kiarabu, na bidhaa nyingine zilikuja kwa jahazi: ubani kutoka Dhofari, Hadhramauti na nchi ya Wasomali, na udi kutoka misitu ya mashariki ya mbali, ambako shina la mti hupata harufu yake baada ya kushikwa na ukungu. Bei ya udi safi ilikuwa kubwa, kama ilivyo hata leo. Hapo ndipo ulipoonekana ubingwa wa wanawake wa pwani. Walitengeneza udi wa kuunga: vipande na unga wa miti yenye harufu, vikapikwa kwa sukari na kutiwa marashi na manukato mengine, mpaka kitu kidogo cha tajiri kikatosha nyumba nyingi. Kila bingwa alikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kilirithiwa kwa mdomo kutoka kwa mama na shangazi. Hapa anasa haikununuliwa. Ilifanyizwa, na kuifanyiza kulikuwa nusu ya raha yake.

Mpaka hapa nimesema kama kwamba nyumba yote ilikuwa na furaha moja. Haikuwa hivyo, na mwanahistoria akinyamaza hapa atakuwa amewapamba wenye nyumba tu.

Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Hakuna kitabu cha karne ile kielezacho kwa upendo zaidi raha za ndani ya majumba ya Mtoni na ya mjini: nguo zilizofukizwa, maua, vyakula, mazungumzo ya jioni. Yumo pia bibi ajilazaye usiku, mjakazi mmoja akimkanda viungo na mwingine akimpepea mpaka usingizi umchukue. Mwandishi alilikumbuka jambo hili kama utamu. Sisi hatuna budi kuuliza habari za mkono ulioshika pepeo. Mkono huo haukupata usingizi mpaka mwingine alale. Sahani ile ya tambuu ya mwaka 1331 nayo ilichukuliwa na mtu, na Ibn Battuta, aliyehesabu majani, hakumtaja jina.

Je, waliochukua sinia hawakuwa na anasa yao? Walikuwa nayo, na ushahidi wake umechapwa. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 akatoa mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji. Hadithi haihitaji jahazi wala fedha. Yataka giza, mkeka, na mtu wa kuitikia pakawa baada ya kuambiwa paukwa. Kitendawili nacho huanza kwa kuomba mwenzako akutegee sikio, na asiyeweza kutegua hutoa mji, akawa mtawala wa kulipa kwa dakika moja, ingawa mchana hakuwa na hata kibanda. Wanawake walisuka ukili wakisimulia, mikono ikifanya kazi ya kesho na ulimi ukistarehe leo. Hadithi za sungura amshindaye simba zilisimuliwa na kusikilizwa katika nyumba hizohizo zilizokuwa na mabwana na watumwa, na kila msikilizaji aliicheka kwa sababu yake mwenyewe. Hii ndiyo anasa kwa maana yake ya asili kabisa, uns mtupu, uliokuwa mali ya wasiokuwa na mali.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa hatua. Tarehe 6 Aprili 1897 ilitolewa amri Unguja na Pemba ya kuondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria. Lakini amri hiyo iliwabagua masuria: wao walihesabiwa kama wake, wasiweze kujidai huru kama wengine, na hawakuingizwa kamili mpaka amri ya mwaka 1909. Kwa hiyo waliokuwa ndani zaidi ya nyumba, karibu zaidi na chetezo na mrashi, ndio waliofikiwa mwisho na uhuru. Kwenye pwani ya Kenya hadhi hiyo iliondolewa mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922.

Watu walioachwa huru walifanya nini na uhuru wao? Walilima, walifanya kazi za ujira, walijenga Ng'ambo ya mji wa Unguja. Pia walivaa. Katika siku za utumwa vazi la mjakazi lilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisicho na rangi kilicholetwa kutoka Marekani, au kaniki iliyotiwa weusi. Karibu na miaka ya 1870 na 1880 wanawake wa pwani walianza kununua leso za rangi, jina walilolipata Wareno walipokuwa hapa, wakazishona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo pana yenye maua. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyopigwa chapa nzima, nayo ikaitwa kanga, na inasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na madoa yake, mfano wa ndege kanga. Baadaye yakatiwa maneno, kwanza kwa hati za Kiarabu na halafu kwa hati za Kirumi. Watafiti wa historia ya Unguja wameonyesha jinsi wanawake walioachwa huru walivyoitupa kaniki na kushika kanga, kwa kuwa mavazi yalikuwa tangazo: huyu si mjakazi tena.

Jambo hili lataka kufahamiwa vizuri. Mtu aweza kusema kwamba aliyekuwa mtumwa angefaa kununua shamba kabla ya doti ya kanga. Lakini shamba lilikuwa la mwingine, na bei ya kanga aliweza kuifikia. Alipojitanda kanga mpya, akafukiza nguo yake kwa udi wa kuunga, akabandika kikuba, akamtolea jirani yake kijaluba cha tambuu, hakuwa akiiga anasa za mabwana kwa upumbavu. Alikuwa akikalia upande wa pili wa sinia. Kwa mara ya kwanza alikuwa mwenye kukaribisha. Na hakuna anayeweza kukaribisha ila aliye na kwake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na rai kwamba habari za asumini na halua ni mapambo ya historia, za kutiwa mwisho wa kitabu baada ya mambo mazito. Uhuru unaoandikwa katika amri ni mlango. Anasa ndogo ni kuingia na kuketi. Anayetaka kujua kama uhuru ulifika nyumba fulani, asitazame tarehe ya amri tu. Na aulize ni mwaka gani mtu wa nyumba ile alianza kufukiza nguo zake mwenyewe, na kulala kabla ya wengine.

Imebaki kazi inayowahusu hasa wataalamu wa lugha. Maneno ya mambo haya yanahama. Anasa, kama tulivyoona, imeondoka katika kuzoeana ikaenda katika utajiri. Mfano mkali zaidi ni uraibu. Zamani uraibu lilikuwa jina la vile vitafunwa vya starehe, tambuu na popoo, chokaa na tumbaku, alivyotolewa mgeni kwa heshima; kumnyima mtu uraibu ilikuwa utovu wa adabu. Leo katika magazeti na hospitali neno hilohilo ni jina la hali ya mtu aliyetekwa na dawa za kulevya. Hapana budi kukiri kwamba mabadiliko haya si ya bure. Elimu ya tiba imethibitisha kwamba popoo na tumbaku huleta saratani ya kinywa, na hakuna mtafiti atakayemshauri kijana kuvirudia kwa ajili ya kuienzi historia. Lakini ni jambo moja kuacha kutafuna popoo, na jambo jingine kusahau kwamba kulikuwa na neno lililounganisha starehe na ukarimu. Likisahauliwa, msomaji wa kesho akikuta katika maandiko ya zamani kwamba mgeni alipewa uraibu, atadhani mwenyeji alikuwa mwovu.

Kazi hii yaweza kufanywa, na kielelezo chake kipo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa karibu na Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliandika kwa ajili ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Hakudharau kueleza michezo, maamkizi, vyakula na mavazi, tangu mtu azaliwapo hata azikwapo, na kwa hiyo kitabu hicho chasomwa mpaka leo na watu wasiojali tena magavana wa siku zile. Lakini Mtoro alikuwa mwanamume, na mengi aliyoyaeleza ya ndani aliyapata kama apatavyo mtu aliyesimama mlangoni. Vipimo vya udi wa kuunga, majina ya misuko ya ukili, mpangilio wa maua katika kikuba, majina ya kanga za mwaka fulani na visa vyake, haya yamo katika vifua vya akina bibi wa Lamu, Mvita, Pemba, Unguja, Bagamoyo na Kilwa. Kamusi zetu hutoa kwa kila kimojawapo mstari mmoja, mara nyingi wenye maneno yasemayo kwamba ni aina ya pambo au aina ya harufu. Aina hiyo si maana. Ni kukiri kwamba hatukuuliza.

Mtafiti atakayekwenda kuuliza asiende na orodha ya maswali peke yake. Neno la nyumbani halitoki kwa mtu anayehojiwa kama shahidi mahakamani. Hutoka kwa mtu aliyezoewa, kitu kikiwa mkononi, chetezo kikiwa na moto. Na aketi, apokee atakachopewa, aandike jina la kitu na jina la kitendo, kipimo chake na msimu wake, na aliyemfundisha huyo amfundishaye. Hiyo nayo ni anasa kwa maana ya kale ya neno lenyewe, na ndiyo njia ya pekee ya kuipata historia yake kabla ya wenye kuijua hawajaondoka nayo.